Mashine ya Pontedera na Njia za Gwassi

Historia ya pikipiki katika nchi ya ziwa husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianza mwaka 2008, pale serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini ya chini ya sisi 250, yaani sentimita 250 za ujazo wa silinda, na vijana wengi wakapata chombo cha kubebea abiria kwa bei waliyoweza kuichanga. Kwa upande wa idadi simulizi hiyo haina kosa. Hata hivyo inaiacha nje nasaba ndefu ya mashine zenyewe, ambayo tawi lake moja kubwa linaanzia Italia na kupitia India kabla ya kufika ufuoni mwa Ziwa Viktoria, na pia inalipita swali ambalo kila anayechunguza historia ya vyombo vya usafiri hana budi kulikabili, nalo ni kwa nini chombo kimoja hupokewa mahali fulani kikadumu kwa vizazi, na mahali pengine kikashindwa kuota mizizi, ilhali watu wa pande zote mbili walikuwa na haja ileile ya kusafiri. Magunga, soko la nchi ya Gwassi katika Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay, si mbali na mpaka wa Migori, ni mahali panapofaa kuliulizia swali hilo, kwa kuwa skuta ya Kiitalia iliyozoeleka Unguja haikupata makao hapo, na badala yake imekuja pikipiki ya kampuni ya Kihindi ambayo skuta hiyohiyo ndiyo iliyoikuza.

Jibu linaanza na ardhi. Milima ya Gwassi ni mabaki ya volkano ya kale iitwayo Kisingiri, na kutoka usawa wa ziwa, ambao ni mita 1,134 hivi juu ya bahari, inapanda hadi kupita mita 2,000 katika mwendo mfupi, kwa hiyo njia yoyote inayotoka mwaloni, yaani pale mitumbwi inapopaki na samaki kushushwa, hukutana na mlima mapema. Upande wa mashariki liko bonde la Lambwe, lenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kugeuka tope zito masika yanapoanza, ambako mbung'o na ugonjwa wa malale viliwafukuza watu kwa muda mrefu wa karne ya 20, na ambako pori la akiba lilitengwa mwaka 1966 na kufanywa hifadhi ya taifa, ile ya Ruma, mwaka 1983. Mahali palipokimbiwa na watu hapakuvutia wajenzi wa barabara. Wasuba na Wajaluo wa Gwassi waliegemea maji: mitumbwi na maboti kutoka Nyandiwa na Sindo kwenda visiwani, Homa Bay na Kisumu, na kwa safari za bara walitegemea miguu yao, punda na baadaye baiskeli. Barabara ya kutoka Sindo kwenda Karungu kupitia Magunga ilikuwa ya muramu, yaani changarawe nyekundu iliyoshindiliwa, na muramu, hata ikitunzwa vizuri, hutoa vumbi jingi na huchimbika kila mvua inapopita.

Italia yenyewe ilijulikana Afrika Mashariki kwa vita kabla ya kujulikana kwa skuta. Kampuni ya Moto Guzzi, iliyoanzishwa mwaka 1921 na Carlo Guzzi na Giorgio Parodi huko Mandello del Lario, mji ulio ufuoni mwa ziwa Como, ilikuwa imekwisha kulitengenezea jeshi la Italia pikipiki ya GT 17, yenye silinda moja ya sisi 500 iliyolazwa kuelekea mbele, wakati Italia ilipoivamia Ethiopia Oktoba 1935. Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza, pamoja na vikosi vya King's African Rifles ambavyo ndani yake walikuwamo askari kutoka Nyanza, yaliingia Ethiopia na Somalia, na Addis Ababa ikachukuliwa Aprili mwaka huo. Maelfu ya mateka wa Kiitalia wakaletwa Kenya, ambako waliacha barabara na lile kanisa dogo la Mai Mahiu la mwaka 1942. Yawezekana kabisa kwamba mashine za kwanza za Kiitalia zilizoonwa na mtu wa Nyanza Kusini zilikuwa nyara za vita, lakini nyara hizo hazikuanzisha biashara yoyote, na katika sehemu hizi jina la Italia leo linakumbusha zaidi hospitali ya Mtakatifu Kamili huko Karungu, inayoendeshwa na watawa wa shirika la Wakamili, kuliko kitu chochote chenye magurudumu.

Chombo kilichokuja kubadili mambo kilizaliwa katika magofu. Kiwanda cha Piaggio cha Pontedera, kilichokuwa kikiunda ndege, kilipigwa mabomu wakati wa vita, na baada ya vita Italia haikuruhusiwa kuendelea na kazi hiyo kama zamani. Enrico Piaggio alimtaka mhandisi wake, Corradino D'Ascanio, abuni chombo cha bei nafuu kwa watu wasioweza kununua gari, na D'Ascanio, ambaye alikuwa mtu wa ndege na helikopta na aliyezichukia pikipiki kwa uchafu wake na kwa ugumu wa kubadilisha gurudumu, alitengeneza kitu ambacho hakikufuata desturi za pikipiki hata kidogo. Vespa ya kwanza, yenye injini ya sisi 98, ilisajiliwa Aprili 1946. Haikuwa na fremu ya mabomba. Mwili wake ulikuwa bati la chuma lililokunjwa na kuunganishwa likawa fremu na bodi kwa pamoja. Haikuwa na cheni, kwa kuwa injini iliwekwa kando ya gurudumu la nyuma na kulizungusha moja kwa moja kwa gia. Gurudumu la mbele lilishikwa upande mmoja tu, kama matairi ya ndege, hivyo kulitoa kulikuwa sawa na kutoa gurudumu la gari, na rimu yenyewe ilikuwa vipande viwili vilivyofungwa kwa nati, kiasi kwamba tyubu iliyotoboka ilitolewa bila kulazimisha tairi kwa vyuma. Mwaka uliofuata Ferdinando Innocenti, tajiri wa mabomba ya chuma, alitoa mshindani wake, Lambretta, kutoka mtaa wa Lambrate mjini Milan, na kama ilivyotarajiwa kwa mtu wa mabomba, fremu yake ilikuwa ya bomba.

Kumiliki chombo cha namna hii, hasa kikishazeeka, ni kukubali ratiba ya kazi ambazo mwenye pikipiki ya leo hazijui. Injini ya Vespa ya zamani ni ya mipigo miwili, ile ambayo mafundi huiita tu-stroki, maana yake ni kwamba pistoni hutoa nguvu kila inapopanda na kushuka mara moja, tofauti na for-stroki, ambayo hutoa nguvu mara moja katika safari nne. Mchanganyiko wa petroli na hewa hupitia kwanza ndani ya kasha la krenkshafti, yaani mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, na kwa sababu hiyo kasha hilo haliwezi kujazwa oili ya kulainisha kama ilivyo katika for-stroki. Oili yenyewe huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Vespa za mwanzo zilitaka kiasi cha sehemu tano za oili katika kila mia ya petroli, na zile zilizofuata kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, ambazo krenkshafti yenyewe ilifungua na kufunga njia ya mchanganyiko, ziliridhika na sehemu mbili. Kipimo hicho hakina msamaha. Oili ikipungua, pistoni hupata joto, hutanuka na kushikana na silinda, na hapo fundi atasema injini imenoki. Ikizidi, plagi hulowa na kukataa kutoa cheche, na masizi hujijenga juu ya pistoni na ndani ya sailensa mpaka nguvu za chombo zinapungua siku kwa siku bila mwenyewe kutambua.

Ndipo inapokuja kazi ya kukwangua masizi, ambayo ilikuwa sehemu ya kawaida ya utunzaji: kifuniko cha silinda hufunguliwa, kaboni huondolewa kwa kitu kisichoweza kuchubua aluminiamu, na sailensa huchomwa moto ili uchafu wake ukauke na kutikiswa nje. Chini ya gurudumu la sumaku, ambalo huzalisha umeme wa kuwashia, zimo pointi, vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili cheche ipatikane kwa wakati wake, na nafasi kati yake, kiasi cha sehemu nne za kumi za milimita, hupimwa kwa kipande cha bati chenye unene unaojulikana. Mafundi wengi wa zamani walipima kwa jicho na sikio, na si haki kuwadharau kwa hilo, kwa kuwa injini yenyewe hueleza kosa kwa mlio wake ikiwa msikilizaji ameishi nayo. Gia hubadilishwa kwa kuzungusha mkono wa kushoto wa usukani pamoja na klachi, na waya zinazopeleka amri hiyo hupita ndani ya mwili wa chombo, kwa hiyo waya mmoja unaokatika huweza kula nusu ya siku, wakati kitu chenyewe ni cha thamani ndogo kabisa. Silinda ikishakwisha, hupelekwa kwa mkerezaji, ikachongwa ili ipokee pistoni yenye upana zaidi, na zoezi hilo huweza kurudiwa mara kadhaa kabla ya silinda kutupwa. Juu ya yote hayo kuna kutu, adui asiyechoka wa kila chombo ambacho mwili wake ndio fremu yake, maana bati la sakafu likiliwa, huwezi kubadilisha bodi ukaacha fremu. Fundi wa kuchomelea anakuwa na kazi ileile ambayo katika gari hufanywa kwenye chesi.

Katika miji ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1950 na 1960, Vespa na Lambretta zilikuwa chombo cha watu wa mshahara na wa duka: makarani, walimu, na zaidi ya wote jamii za Kiasia za Nairobi, Mombasa, Kisumu, Kampala na Dar es Salaam, ambazo ndani yake walikuwamo pia mafundi na wauza spea. Muungano huo wa mwenye chombo, fundi na duka la spea katika mtaa mmoja ndio uliozifanya skuta zikae, na kuvunjika kwake ndiko kulikozipunguza. Sheria ya Kenya ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwabana wafanyabiashara wasio raia, na mwaka uliofuata familia nyingi zikahamia Uingereza; mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia wa Uganda. Kwa Kisumu, ambako ndiko spea zingetoka kwenda Nyanza Kusini, pigo hilo lilikuja wakati mbaya, kwa sababu pikipiki za Kijapani, Honda, Yamaha na Suzuki, zilikuwa tayari zinaingia na kutafuta wanunuzi wake miongoni mwa mabwana shamba, maofisa wa afya na wamisionari.

Unguja mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mpaka leo Vespa zinapita kwenye mitaa ya Mji Mkongwe, nyingine zikiwa na umri wa kuwazidi waendeshaji wake, na sababu zake si za mapenzi ya mtindo pekee, ijapokuwa mapenzi nayo yapo. Kisiwa ni cha tambarare kwa sehemu kubwa, safari ni fupi, barabara kuu zina lami, vichochoro vya mji vinahitaji chombo kifupi kinachogeuka upesi, na bandari iliyozoea biashara ya Ghuba na India haikosi spea. Dosari pekee ni hewa ya chumvi, ambayo hula bati lile bila huruma. Na hapo ndipo fundi wa kuchomelea wa Unguja alipopata riziki ambayo mwenzake wa bara hakuijua.

Tukirudi Gwassi kwa vigezo hivyohivyo, kila sifa inageuka. Magurudumu ya Vespa, ya inchi 8 mwanzoni na inchi 10 katika aina za baadaye, yalibuniwa kwa ajili ya miji iliyosakafiwa. Gurudumu dogo halivuki shimo, huingia ndani yake, na katika makorongo yaliyochimbwa na mvua kwenye muramu ya mteremko hilo ni tofauti kati ya kufika na kuanguka. Injini yake imefungiwa chini ya bodi na kupozwa na feni iliyo kwenye gurudumu la sumaku, mpango mzuri katika msongamano wa mji, lakini feni hiyo huvuta vumbi na kulishindilia katikati ya mapezi ya silinda, na mlima mrefu ukipandwa kwa gia ya kwanza na abiria mmoja na mzigo, joto halina pa kutokea. Oili ya mipigo miwili nayo inataka mwuzaji wa kuaminika, kwa kuwa petroli iliyouzwa kwa chupa kando ya njia ikichanganywa na kipimo cha kukisia, injini haidumu. Haki inataka isemwe pia kwamba kwa mambo mawili Vespa ingefaa Magunga kuliko pikipiki iliyoishinda: haina cheni ya kusagwa na vumbi, na gurudumu lake hutengenezwa kwa urahisi ambao mpaka sasa hakuna bodaboda aliyeupata. Mambo hayo mawili hayakutosha.

Wakati huohuo tawi la India lilikuwa likikua. Kampuni ya Bajaj, iliyoanza mwaka 1945 na kuagiza vyombo vya Piaggio kuanzia mwaka 1948, ilipata mwaka 1959 idhini ya serikali ya India ya kuviunda nchini, kwa leseni ya Waitalia. Mkataba na Piaggio ulipokwisha mwaka 1971, Bajaj haikuacha. Mwaka uliofuata ilitoa Chetak, skuta ambayo umbo na moyo wake ni wa Vespa Sprint, na kwa miaka mingi Wahindi waliingojea kwenye orodha ndefu kwa sababu viwanda havikutosheleza mahitaji. Lambretta nayo ilipata hatima inayofanana na hiyo, kwa kuwa mitambo ya Innocenti ilinunuliwa na serikali ya India na kupelekwa Lucknow, ambako kampuni ya Scooters India ilianzishwa mwaka 1972. Tokeo lake kwa mwenye Vespa ya zamani, awe Unguja au penginepo, lina kichekesho chake: leo pistoni, waya na pointi anazozihitaji mara nyingi hutoka India, katika viwanda vilivyojifunza kazi kwa kumnakili Mwitalia.

Inafaa hapa kuepuka kosa la kuurahisisha ukoo. Bajaj Boxer, pikipiki inayoonekana kila mahali katika soko la Magunga, haikuzaliwa na Vespa. Injini yake ni ya mipigo minne, na elimu yake ilitoka kwa Kawasaki wa Japani, ambaye Bajaj ilianza kushirikiana naye katika miaka ya 1980. Kilichotoka Pontedera ni kampuni yenyewe: mtaji, wafanyakazi waliojua kuunda maelfu kwa maelfu ya vyombo vidogo vya bei nafuu, mtandao wa spea, na wazo la D'Ascanio kwamba chombo cha maskini lazima kiweze kutengenezwa na fundi wa karibu. Mjapani alileta injini, na muramu ikafanya uteuzi wake. Magurudumu ya inchi 17 huvuka mashimo ambayo Vespa ingezama, silinda iliyo wazi hupozwa na upepo na husafishwa kwa maji na brashi, oili inakaa mahali pake chini ya injini, kiti kirefu kinabeba abiria wawili na magunia ya omena au kreti la mbuta kutoka Nyandiwa, na cheni, ingawa husagika, hupatikana katika kila kibanda cha spea.

Utaratibu wa kumiliki nao ulibadilika pamoja na chombo. Mwenye Vespa ya mjini alikuwa mwendeshaji wake mwenyewe, na aliitunza kwa sababu ilikuwa mali yake na heshima yake. Bodaboda wa Gwassi, kazi ambayo asili yake ni baiskeli za mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda, mara nyingi huendesha apiko, kama pikipiki inavyoitwa kwa Kijaluo, ambayo ni ya mwingine, na kila jioni hupeleka hesabu, yaani kiasi cha fedha walichokubaliana. Wengine huikopa kupitia chama na kuilipa kidogokidogo. Mtu anayepeleka hesabu hana siku ya kuiacha mashine ifunguliwe ikwanguliwe masizi. Anataka fundi wa kando ya njia ambaye ataibadilishia breki na sproketi huku abiria akingoja, na fundi huyo, aliyejifunza kwa kukaa karibu na mwingine chini ya mti au kibanda cha mabati, katika ile sekta ambayo Kenya nzima huijua kwa jina la jua kali, amekuwa hodari wa kubadilisha kuliko wa kurekebisha. Hilo si lawama. Spea za Boxer ni rahisi kiasi kwamba kuchonga silinda au kunyoosha pointi kwa saa nzima ni kupoteza fedha, na ujuzi usiolipa haufundishwi. Lakini maana yake ni kwamba mtu akileta Vespa ya mwaka 1965 Magunga leo, hatakosa spana wala petroli, atakosa mtu wa kumwambia achanganye oili kiasi gani.

Upande wa Piaggio, ukoo haukukatika. Magari ya magurudumu matatu, ambayo Tanzania huitwa bajaji na Kenya tuktuk, yanatokana na Ape, chombo cha mizigo ambacho Piaggio ilikitoa mwaka 1948 kwa kuifungia Vespa ekseli ya nyuma yenye magurudumu mawili, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 Piaggio yenyewe ilikwenda kuyaunda Baramati, katika jimbo la Maharashtra, ili kushindana na mwanafunzi wake wa zamani katika nchi yake mwenyewe. Ape za Baramati zimejaa Kisumu, na zimefika Homa Bay na Migori, zikifuata lami. Magurudumu yao bado ni madogo.